Monita pana ya inchi 34: waya gani, tundu gani, na kosa lililonigharimu kadi ya mteja

Haya wadau, karibuni tena. Niko hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi ya Juni inauma mpaka kwenye kucha, na mezani kuna mzigo ulioshuka usiku na basi la Dar. Monita pana, inchi 34, ile ya kujipinda. Imepanda mlima Kitonga imesimama wima kama abiria aliyekosa siti, maana kondakta nilimwambia kabisa: ukiilaza, mtu ataweka gunia la mchele juu yake, na mimi huku nitafungua chenga.

Stendi siwaonyeshi, skrubu mbili tu. Ila usiilaze kifudifudi mezani. Kwa vile imejipinda, zile kingo mbili za pembeni ndizo zitabeba uzito wote. Iache ndani ya povu lake, funga stendi, ndipo uinyanyue.

Twende mgongoni, maana kazi iko huku. Dogo, leta kamera. Chini. Chini zaidi. Hapo, usitikisike.

Matundu ya picha ni manne: HDMI mbili, DisplayPort moja, na taipu C moja. Mtu atasema yote si yanaleta picha? Yanaleta, ila hayapitishi mzigo sawa. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Hii ni 3440 kwa 1440, karibu milioni 5. Mwenye kukaa barabara ya Tunduma ananielewa: semi haipiti kwenye kichochoro cha bodaboda.

Kwa HDMI ya zamani, ile 1.4, picha unapata, lakini inabadilika mara 50 tu kwa sekunde, yaani hezi 50. HDMI 2.0 inakufikisha 100. Monita hii imetengenezwa kwa hezi 144, na kwangu mimi zinatoka kwenye DisplayPort 1.4. Kuna kaka alinipigia kutoka Uyole: "Fundi, monita uliyoniuzia mbovu, kishale cha mausi kinarukaruka." Nikamuuliza ametumia waya gani. "Ule wa king'amuzi." Sawa kaka. Na kompyuta, waya na monita, vyote vitatu vinatakiwa viwe na uwezo. Kimoja kikiwa dhaifu, vyote vinamfuata huyo.

Sasa hapa naomba uache unachofanya unisikilize. Waya wa DisplayPort huu. Sogeza kamera, dogo. Unaona vile vimeno viwili vidogo vya chuma hapa juu? Ukichomeka vinang'ata. Na hapa kwenye kichwa kuna kitufe. Ukitaka kuchomoa, unabonyeza kitufe, ndipo unavuta. Mwaka jana mimi nilivuta tu, kwa haraka, kama navuta chaja ya simu. Tundu lilitoka na waya. Kadi ya grafiksi ya mteja, ile ya ndani ya kompyuta inayotengeneza picha, na nililipa mimi, shilingi juu ya shilingi. Kwa hiyo: bonyeza, vuta. Usivute ndio ubonyeze. Kuna nyaya hazina kitufe, hizo sawa, ila wewe papasa kwanza kabla ya kuvuta.

Nachomeka huku kwenye monita, tii. Nachomeka kwenye kompyuta, tii. Nawasha.

Eeh... hakuna picha. Subirini. Menyu nimeiweka DisplayPort, sawa. Waya umeingia. Dogo usizime kamera, acha watu waone. Hebu nigeuze boksi la kompyuta... Ah! Nimechomeka kwenye tundu la juu, la ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta. Kadi ya grafiksi matundu yake ni haya ya chini, yamelala. Miaka yote hii, bado linanipata. Nachomoa: nabonyeza. Mmeona kidole? Nabonyeza, navuta. Nahamishia chini. Haya, hiyo hapo.

Bado hatujamaliza. Kompyuta mara nyingi inaanza na hezi 60, na watu wanakaa nazo mwaka mzima huku wamelipia 144. Bofya kulia, ingia mipangilio ya skrini, shuka mpaka mipangilio ya ziada, chagua 144. Sasa buruta dirisha huku na huku. Kwenye video hamtaiona tofauti, ila mkono unaisikia.

Wa lapitopu, taipu C. Umbo la tundu lisikudanganye. Nyingine ni za chaji na mafaili tu, picha hazitoi. Tazama pembeni ya tundu la lapitopu: alama ya DisplayPort, herufi D na P zilizobebana, au ya radi. Na waya wa chaja ya simu usihangaike nao, lapitopu itachaji na skrini itabaki giza. Ukipata waya wenyewe, mmoja unaleta picha na kurudisha umeme. Hii inatoa wati 65. Ikiwa hezi zinagoma kupanda, ingia menyu ya monita, sehemu ya USB, punguza kasi ya USB. Njia ni moja, mafaili na picha vinagombania.

Unaweza pia kuweka kompyuta mbili kwa pamoja, kila moja nusu yake, 1720 kwa 1440. Mimi siipendi. Naedit harusi, nataka nione mstari wote wa video kuanzia bibi harusi anatoka saluni mpaka keki, bila ukingo katikati. Na ukiangalia mpira utaona weusi pande mbili. Si ubovu, mpira unarushwa kwa umbo la 16 kwa 9. Filamu nyingi ndizo zinajaa.

Nyaya za meta 2 ninazo dukani, zote nimezijaribu kwenye hii hii. Za meta 5 msiniulize. Nilizileta, kwenye 144 picha ikawa inapepesa, sasa nafungia maboksi.