Hisa zangu nilizoacha Nakuru: nawajibu wale mnaouliza kila wiki

Habari zenu watu wangu. Huku Minnesota ni Jumapili usiku, imebaki kama nusu saa ifike saa sita, na sijalala kwa sababu saa sita ya huku ni saa tatu asubuhi ya Jumatatu kwenu, ofisi ndio zinafunguliwa, na kuna ofisi moja hapo Nairobi lazima niipigie leo. Ndio maana mnaniona na leso kichwani, na hii taa ni ya jikoni. Nimeona badala ya kukaa nikiangalia saa wacha nijibu lile swali.

Swali lenyewe mnalijua. Siku moja niligusia tu hapa kwamba nilitoka Nakuru nikaacha hisa, tangu siku hiyo kila video, ata kama nimepika chapati, lazima mtu aandike, dada, hizo hisa unazisimamia aje ukiwa huko? Na nikijibu kwa ufupi, chini yake kuna mmoja anasema naringa, na mwingine anasema mbona nalia kila siku na niko Marekani. Sasa leo nitataja kiasi ili hiyo maneno iishe. Ni hisa elfu tatu za Safaricom. Elfu tatu, si milioni tatu. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2024 walilipa shilingi 1.20 kwa kila hisa, kwanza senti 55 halafu senti 65, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe, ni 3,600 kabla ya kodi. Mtu akiniambia naringia 3,600 sina la kumjibu. Lakini ni zangu, nilizinunua kwa jasho, na sikubali zipotee eti kwa sababu ni kidogo.

Hadithi ya 2008, Safaricom walipouzia watu wote hisa mara ya kwanza, siirudii, foleni za Kenyatta Avenue mliziona ama mlikuwa ndani yake. Mimi niliomba hisa 6,000 kwa shilingi tano, elfu thelathini, nusu yake ilikuwa mkopo wa chama, na kama kila mtu nikapewa chini ya robo ya zile niliomba, ile pesa ingine ikarudishwa. Mwaka uliofuata bei ikashuka hadi kwa shilingi tatu, watu wakawa wanauza kwa hasira, mimi nikawa nanunua kidogo kidogo nikiuza kitu pale dukani, mpaka zikafika elfu tatu. 2021 bei ilipita shilingi 40 na sikuuza, 2023 ikaanguka chini ya 15 na pia sikuuza. Hapo msinilaumu na msinisifu, kusema ukweli singeweza kuuza ata kama nilitaka, na hiyo ndio story yenyewe ya leo.

Nilipopanda ndege 2015 kitu kimoja sikufanya, na hakuna mtu aliniambia. Ile akaunti ya CDS, akaunti ambayo hisa zako zinawekwa, niliifungua nikiwa na namba ya simu ya zamani, sanduku la posta la duka ambalo halipo tena, na akaunti ya benki ya pale mjini. Niliondoka vyote vikiwa hivyo hivyo. Laini ikakaa bila kutumika, ikafungwa. Akaunti ya benki ikakaa bila mtu kuweka wala kutoa, ikalala. Mimi huku najua dividendi, ile faida kampuni inagawia wenye hisa, zinaingia, najiambia siku nikirudi nitapata zimejaa, kumbe benki ilikuwa inazikataa na kuzirudisha zilikotoka kila mwaka. Nilikuja kujua 2022.

Na zikirudi hazingoji milele. Iko sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa, ya 2011, inasema dividendi ikikaa miaka mitatu bila mwenyewe kuichukua inapelekwa kwa ile mamlaka inaitwa UFAA. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani serikali imekula. Haijakula, wanakuwekea, unaweza kudai, lakini udai na fomu, kitambulisho, pin ya kodi ya KRA, na wakili wa kushuhudia sahihi yako. Za miaka ya kwanza kwanza ziko huko, bado nazifuata. Za karibuni ziko kwa msajili wa hisa, yule anawekea kampuni orodha ya wenye hisa, na hizo ni rahisi kidogo, ukisharekebisha akaunti ya benki zinakuja.

Sasa kurekebisha ndio kazi. Broka wangu wa kwanza, yule wa kukununulia na kukuuzia hisa, alishafunga, sitamtaja. Nilipojua amefunga nililia hapa hapa kwenye hii meza, nikidhani hisa zimeenda na yeye. Kuna mtu anaangalia hii video na yuko hapo nilipokuwa mimi, kwa hivyo nisikilize vizuri. Hisa zako hazikai kwa broka. Zinakaa CDSC, ile hifadhi kuu ya hisa, kwa jina lako na namba yako ya CDS, broka ni mlango tu. Mlango mmoja ukifungwa unajaza fomu unahamishia akaunti kwa broka mwingine au kwa benki yenye leseni hiyo. Mimi nilihama, broka mpya sina shida naye sana.

Shida ikakuja kwa sahihi.

Fomu ya kubadilisha namba ya simu, anwani na benki inataka sahihi ifanane na ile uliweka ukifungua akaunti. Mimi 2008 nilikuwa msichana, nilikuwa naandika jina lote, na ile herufi ya mwisho naizungusha chini kama mkia. Huku nimesaini makaratasi ya kazi na ya hospitali miaka yote hii, sahihi imekuwa mistari miwili tu. Fomu ya kwanza ikarudishwa, sahihi haifanani. Nikatafuta kwa begi ya makaratasi nikapata nakala ya fomu ya zamani, imekunjwa mara nne, wino umefifia, nikakaa hapa na bahasha za bili nikijaribu kuandika jina langu venye nilikuwa naliandika zamani. Nimejaza bahasha tatu pande zote mbili. Mkono unakataa, mkia unaenda upande mwingine. Nilisikia uchungu sana jamani, kwa sababu ni jina langu mwenyewe na naambiwa si mimi. Fomu ya pili nimeenda kusaini mbele ya notari, akapiga muhuri, nikaweka nakala ya pasipoti na kitambulisho, na barua ya kueleza kwamba sahihi imebadilika na hii mpya ndio watumie. Kutuma hayo makaratasi hadi Nairobi ni dola 90 na kitu. Hiyo inapita dividendi yangu ya miaka mitatu. Ndio naambiwa naringa.

Ndugu zangu wa Kisumu mlioniandikia kwa inboksi mkasema si utume tu skani kwa imeili, nilituma. Waliniambia wanataka karatasi yenyewe. Labda broka wako atakubali skani, sijui, kila mtu na broka wake.

Kuhusu kodi nitasema kile najua na si zaidi. Mkaazi wa Kenya anakatwa asilimia 5 kwa dividendi, asiye mkaazi anakatwa 15. Kwa hivyo hiyo 3,600 yangu, ningekuwa Nakuru ningebaki na 3,420, nikihesabiwa wa nje nabaki na 3,060, kama dola 24 hivi. Na ukaazi si mambo ya pasipoti. Ukiwa na makao ya kudumu nyumbani na ukaja Kenya ata siku chache mwaka huo, sheria inaweza kukuhesabu mkaazi. Kama huna makao, wanahesabu siku, 183 kwa mwaka, ama wastani wa zaidi ya 122 ukichanganya na miaka miwili ya nyuma. Mimi sina nyumba huko na sijakuja muda mrefu, kwa hivyo nimeandika siishi Kenya, nikatwe 15 nilale vizuri. Wewe na kijumba chako Kiamunyi hesabu yako ni ingine kabisa, usinifuate mimi. Kitu kizuri ni ukiuza hisa zilizoorodheshwa pale soko la Nairobi, kodi ya faida ya mtaji haikuguzi.

Na huku nako usinyamaze. Nikiwa na grinkadi mapato yangu ya dunia nzima yanaandikwa kwa ritani ya kodi ya huku, ata hizo dola 24. Na akaunti zako zote za nje, benki, CDS, zote pamoja, zikipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna fomu ya kuzitangaza inaitwa FBAR, na faini yake si ya kucheza nayo. Mimi sifiki hapo ata robo. Lakini kuna mtu ana hisa, ana akaunti ya kujengea nyumba Njoro, na zikiunganishwa amepita bila kujua. Huyo aende kwa mtu wa kodi aliyesomea, asiniulize mimi, mimi natunza wazee.

Sasa wacha niseme hii ingine ambayo inaniuma kuliko zote, na najua kuna watu wa nyumbani wataiona.

Marehemu baba alinunua hisa za KenGen, ile kampuni ya kuzalisha umeme, 2006. Hisa 700 kwa shilingi 11.90, yaani 8,330, na wakati huo hiyo ilikuwa pesa. Kwa miaka mingi bei ilikaa chini ya hiyo aliyonunua nayo. Baba alipotuacha, cheti kilikuwa kwa sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na risiti za karo zetu sote. Nikasema tufanye urithi vizuri, kwa koti, jina la mama liingie. Ndugu yangu akasema dada yuko Marekani na bado anataka kumalizia mzee vishilingi. Mbele ya shangazi zangu, kwa simu, wamenieka spika. Sikutaka ata moja. Nilitaka mama, akiamka siku moja anahitaji dawa, asiambiwe hizo ni za marehemu rudi na karatasi.

Na makaratasi ya urithi mnayajua, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, cheti cha kifo, sahihi za kila mtu kukubali, tangazo kwa gazeti la serikali siku 30, halafu mkipata granti, ile karatasi ya koti ya kusimamia mali ya marehemu, mnangoja miezi sita ithibitishwe. Kwa hisa 700. Gharama inaweza kuzimeza zote, hilo ndugu yangu alisema na alisema kweli. Lakini cheti kikikaa hivyo, dividendi nazo zitaenda UFAA, na mtoto wa mtoto ndio atakuja kuanza upya bila kumjua chifu wala kujua babu alisaini aje. Mwishowe mama mwenyewe aliamka asubuhi, akavaa, akaenda kwa chifu bila kutuambia. Barua iko. Wawili bado hawajasaini. Mimi nimesaini.

Wale mnaniuliza niuze ama niache kabla nisafiri, siwezi kuwaambia. Rafiki yangu wa Kakamega alikuwa na hisa za kampuni ya huko kwao ya sukari, zilisimamishwa kuuzwa sokoni, yuko nazo kwa karatasi na hawezi kuzifanya chochote, huyo angeniambia uza. Mimi nasema kama unaacha, wiki moja kabla ya ndege pitia kwa broka, weka imeili badala ya namba ya Kenya, weka akaunti ya benki ambayo utaendelea kuitumia ukiwa huku, acha sahihi ile unatumia sasa, na kama una mtu unayemwamini mpe hati ya uwakili iliyosajiliwa. Kama una mtu. Mimi sikuwa naye, na hapo pia kila familia na mambo yake.

Hiyo fomu ya pili ilifika Jumatano, nimeona kwa traking, mtu amesaini kuipokea. Ni saa sita kasoro dakika mbili. Nimeandika hapa kwa bahasha jina la yule dada wa kwa broka niliongea na yeye mara ya mwisho, namba yangu ya CDS na tarehe, nisije nikasahau nikianza kukasirika. Ngoja nipige.

Inaita.