"Hiyo siasa, kaa chini": itikadi kwenye Karamu

DADA: Allah'u'Abhá, wasikilizaji wetu wa Tabora na kwingineko. Leo kaka kaja na jambo ambalo vijana wanaliuliza sana baada ya Karamu ya Siku 19, mkutano wetu Wabahá'í wa ibada, mashauriano na kujumuika: kwa nini tunaambiwa tusizungumze siasa?

KAKA: Naanza kwa kulikataa hilo "tusizungumze". Tunachokatazwa ni siasa za vyama. Mbahá'í hachukui kadi ya chama wala hapandi jukwaani kumnadi mgombea. Kura ya siri ya uchaguzi wa nchi anaruhusiwa kupiga, mradi asijifunge na chama.

DADA: Wengi wanadhani hatupigi kabisa.

KAKA: Sasa mkulima wa tumbaku kutoka Urambo anasimama kwenye sehemu ya mashauriano, anasema malipo yamechelewa na nyumbani hakuna hela. Mtu anamkatiza: "Hiyo siasa, kaa chini." Hapo naumia, dada. 'Abdu'l-Bahá, mwana wa Bahá'u'lláh mwanzilishi wa dini yetu, alifundisha kwamba utajiri uliopitiliza na umaskini uliopitiliza vyote viondolewe. Tutaviondoaje kama hata kuvitaja tunaogopa?

DADA: Nakubali. Ila mkulima hajamaliza, mmoja anadakia kwamba dawa ni Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa, lirudi, mwingine anasema soko huria ndilo litakalomkomboa. Wanashindana wao kwa wao, na mkulima hata hajaulizwa anadai shilingi ngapi.

KAKA: Ehe! Jibu limefika kabla ya swali.

DADA: Shoghi Effendi, aliyeiongoza dini yetu baada ya 'Abdu'l-Bahá, mwaka 1941 alitaja miungu watatu wa uongo: utaifa, ubaguzi wa rangi na ukomunisti. Alilaumu taifa, rangi au tabaka kutukuzwa juu ya wanadamu wote. Kwa hiyo mtu wa kambi yoyote ajikague.

KAKA: Ajikague, sawa, lakini wazo lake alitoe. Akiona ushirika wa wakulima uwe na sauti zaidi kwenye bei, aseme wazi. 'Abdu'l-Bahá mwenyewe alisema cheche ya ukweli hutokea maoni yanapogongana. Ila ukishalitoa, wazo si lako tena, ni la kikao. Likikosolewa, hujatukanwa wewe.

DADA: Halafu uamuzi ukipita? Hapahapa Tabora, Januari 1958, chama cha TANU kilichopigania uhuru kilibishana juu ya kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu Nyerere akawashawishi wanachama washiriki uchaguzi, Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake. Kwenye siasa ilikuwa haki yake. Kwetu, aliyepinga anautekeleza uamuzi pamoja na wenzake.

KAKA: Hata ukiwa mbaya?

DADA: Hata ukiwa mbaya. Tukiutekeleza wote, ubaya wake utaonekana na tutaurekebisha. Tukivutana, tutajuaje kama kilichotuangusha ni uamuzi au ni mgawanyiko wetu?

KAKA: Vijana watasema hapo tunawafunga midomo.

DADA: Hapana. Anaweza kuliomba Baraza la Kiroho la Mahali, linalochaguliwa kuongoza Wabahá'í wa eneo, liufikirie upya, na asiporidhika anakata rufaa Baraza la Taifa. Asichoruhusiwa ni kukusanya kundi lake pembeni.

KAKA: Basi Karamu ijayo mkulima aanze yeye: kilo alizouza, bei aliyoahidiwa, alichopokea. Anayeamini ujamaa na anayeamini soko, wote wawili wajibu hesabu hiyo.

DADA: Na mwenyekiti asimkatize.