Kinachosemwa na Vumbi, na Kisichosemwa

Ahsante sana, Mwenyekiti. Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wa kemia na fizikia, na wageni wote mliokuja mchana huu, nawashukuru.

Mimi ni mkemia, na kazi yangu ni kupima vumbi. Vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa cha pamba kwenye sakafu, kwenye vitasa vya milango, kwenye matundu ya kupitishia hewa na juu ya mashine za vituo vya nyuklia. Kisha hupimwa ili ijulikane kama ndani yake mna chembe za urani au plutoni, na kama zimo, ni za namna gani. Wanaolifuta ni wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna, Austria. Sisi wa maabara hatuendi huko. Tunaletewa mfuko wenye namba.

Kabla sijaendelea niweke jambo moja wazi. Matokeo ya sampuli za nchi yoyote ni ya siri. Kila kisa nitakachokitaja leo kimo katika taarifa zilizokwisha kutangazwa, na hakuna hata kimoja nitakachokitoa kwenye meza yangu ya kazi.

Nianze na Iraq, kwa sababu huko ndiko dunia ilikojifunza thamani ya vumbi. Kabla ya 1991 mkaguzi alihakiki kile nchi ilichotangaza. Nchi inasema ina kilo kadhaa za urani katika jengo fulani. Mkaguzi anakwenda, anapima, anahesabu, anafunga kwa lakiri, anarudi. Iraq ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na hesabu zake zilionekana sawa. Baada ya Vita vya Ghuba, wakaguzi walipoingia kwa amri ya Baraza la Usalama, ilidhihirika kwamba pembeni mwa vile vilivyotangazwa kulikuwa na mradi mzima wa siri. Huko Tarmiya Iraq ilikuwa imejenga mitambo ya kurutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake ile aina inayotoa nishati, kwa sumaku kubwa, njia ambayo Wamarekani waliitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakaiacha. Juni 1991 wakaguzi walipiga picha msafara wa malori yaliyokuwa yakiihamisha mitambo hiyo karibu na Falluja, na askari wakafyatua risasi hewani kuwazuia. Malori yaliondoka, vumbi likabaki. Sampuli zilizofutwa Tuwaitha, kituo cha utafiti wa nyuklia cha Iraq, zilikutwa na urani ambayo haikulingana na chochote kilichotangazwa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuletea ajira sisi. Mwaka 1996 uchukuaji wa sampuli za mazingira ukawa sehemu ya kawaida ya ukaguzi. Mwaka 1997 ikapitishwa Itifaki ya Ziada, inayowapa wakaguzi nafasi ya kufika mahali pengi zaidi ya pale palipoorodheshwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo ndani yake tangu 2003, Tanzania tangu 2005, Uganda 2006, Kenya 2009. Kwa hiyo msidhani nazungumzia mambo ya wengine.

Sasa sayansi yenyewe. Urani ya asili, iwe imechimbwa Shinkolobwe kule Katanga au iko ardhini Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ina uwiano uleule: katika atomi 1,000, takriban 993 ni urani-238 na 7 tu ni urani-235. Hii 235 ndiyo inayopasuka kwa urahisi na kutoa nishati. Vinu vingi vya umeme hutumia urani iliyorutubishwa hadi urani-235 ikafika asilimia 3 mpaka 5. Ikifika asilimia 20 huhesabiwa kuwa ya kiwango cha juu, na ya silaha kwa kawaida huwa karibu asilimia 90. Kuna na wengine wawili wadogo, urani-234 na urani-236. Huyu wa mwisho karibu hayumo kabisa katika miamba. Ukimkuta kwa kiasi kinachopimika, ujue urani hiyo, au sehemu yake, iliwahi kupita ndani ya kinu cha nyuklia.

Uwiano wa asili hauyumbi ovyo, na anayeuheshimu huona makubwa. Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, urani iliyotoka Oklo, Gabon, ilipimwa ikaonyesha asilimia 0.7171 ya urani-235 badala ya 0.7202. Tazameni tofauti hiyo! Wangeweza kusema ni kosa la mashine wakaendelea na kazi. Hawakusema hivyo. Walifuatilia hatua kwa hatua hadi mgodini, wakagundua kwamba takriban miaka bilioni 2 iliyopita miamba ya Oklo ilijiwasha yenyewe ikawa kinu cha asili, ikaunguza sehemu ya urani-235 yake. Mimi naona hilo ni miongoni mwa matukio makubwa kabisa ya kisayansi yaliyotoka katika ardhi ya Afrika, na lilianzia kwa mtu aliyekataa kupuuza tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Kwa nini vumbi? Kwa sababu urani haishughulikiwi bila kuacha alama. Mfanyakazi wa mashine ya kusaga hutoka na unga kwenye nyusi hata kama alijikung'uta vizuri, na jengo la nyuklia liko hivyo hivyo. Gesi ya urani ikivuja kidogo kwenye kiungo cha bomba, inakutana na unyevu wa hewa, inakuwa chembe ngumu zinazotua kila mahali. Unaweza kupiga deki, ukapaka rangi upya, ukabadilisha vigae, na bado chembe zikabaki kwenye ufa.

Mkaguzi hubeba kifurushi kilichotayarishwa katika chumba safi: vitambaa 6 vya pamba vya sentimita 10 kwa 10, glavu, mifuko ya plastiki ya kufungika, karatasi ya aluminiamu, fomu na kalamu. Hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anagusa kitambaa, mwenzake anashika mifuko na kuandika. Kitambaa kikishafuta hukunjwa, huingizwa mfuko mdogo, mfuko mdogo huingizwa mkubwa. Wakienda mahali pengine, glavu mpya. Inachosha, na ni lazima, kwa sababu chembe moja iliyoganda kwenye kiatu tangu ukaguzi wa nchi nyingine inaweza kuitia nchi hii katika tuhuma isiyoistahili. Hata pamba mpya kutoka kiwandani ina nanogramu chache za urani ya asili iliyotoka udongoni. Ndiyo maana tunapima pia vitambaa ambavyo havikufuta kitu.

Sampuli hupokelewa Seibersdorf, takriban kilomita 35 kutoka Vienna, ambako shirika lina maabara yake. Huko hupimwa kwanza mionzi ya gama na eksirei ili kujua kama kitambaa kimebeba kingi au kidogo. Kisha hugawanywa kwa maabara za mtandao, zilizotawanyika katika nchi mbalimbali, na nyingine huwekwa akiba. Namba iliyo kwenye mfuko haituambii nchi, wala jengo, wala siku. Katikati ya mifuko hiyo shirika huchanganya sampuli ilizozitengeneza lenyewe, ambazo jibu lake linalijua tayari, ili kutupima sisi. Hatujui ni zipi. Napenda sana utaratibu huo. Mchambuzi asiyejua anampima nani hana wa kumwonea wala wa kumpendelea, hata kama ana msimamo wake wa kisiasa, na wengi wetu tunao.

Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza ni kuunguza na kuyeyusha kitambaa chote kwa asidi, kisha kupima isotopu, yaani zile namna za urani zenye uzito tofauti, katika spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Inatoa wastani, na wastani huficha: chembe moja ya urani iliyorutubishwa sana humezwa na urani ya asili iliyoizunguka. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoifanya, ni kutafuta chembe moja moja. Vumbi hufyonzwa kutoka kwenye kitambaa na kutuliwa juu ya kisahani cha kaboni. Kisahani huingizwa katika mashine inayokipiga kwa mkondo wa ioni, na ioni zinazoruka kutoka kwenye chembe hutenganishwa kwa uzito wake. Seibersdorf walipata mashine kubwa ya aina hii mwaka 2011, na tangu hapo kazi iliyochukua muda mrefu mno imekuwa ya haraka na sahihi zaidi.

Nataka mwione ukubwa wa kitu chenyewe. Chembe ya kawaida ina upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na uzito wake ni pikogramu chache, yaani sehemu chache za trilioni za gramu. Chembe kama hiyo ya oksidi ya urani ina atomi za urani takriban bilioni 10. Kama ni ya asili, urani-235 ni kama milioni 70 hivi, na urani-234 ni laki kadhaa tu. Mashine inazila atomi hizo kadiri inavyozipima. Ukishamaliza, chembe haipo tena, huwezi kurudia. Ndiyo maana wiki nzima inaweza kupita tukitayarisha na kurekebisha mashine kabla ya kugusa sampuli.

Plutoni ina faida yake: inabeba saa. Plutoni-241 huoza polepole kuwa elementi nyingine, amerisi-241, hivyo kiasi cha amerisi hueleza plutoni ilisafishwa lini. Mwaka 1992 Korea Kaskazini ilitangaza kwamba ilitenganisha takriban gramu 90 za plutoni huko Yongbyon, mara moja, mwaka 1990. Sampuli zilionyesha kazi hiyo ilifanyika zaidi ya mara moja. Mgogoro uliofuata haujaisha hadi leo.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo hasa limenileta. Mwaka 2003 wakaguzi waliomba kufuta sampuli katika karakana ya Kalaye Electric mjini Tehran. Iran ilikubali sampuli zichukuliwe Agosti, baada ya miezi ya mvutano, na wakaguzi waliingia wakakuta jengo limefanyiwa ukarabati mkubwa. Vitambaa vikatoka na chembe za urani ya kiwango cha juu. Magazeti mengi yalishahukumu. Iran ikasema chembe zile zilikuja na vipuri vya sentrifuji, zile mashine za kurutubisha kwa mzunguko wa kasi, vilivyonunuliwa nje. Mwaka 2005 Pakistan ikakabidhi vipuri vya aina hiyo, navyo vikafutwa na kupimwa. IAEA ikaripoti kwamba matokeo kwa sehemu kubwa yanaunga mkono maelezo kuwa urani ile ya kiwango cha juu ilitoka nje.

Tafakarini. Chembe zilikuwa za kweli na kipimo kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ila chembe haikusema ilirutubishwa wapi, na nani, kwa nia gani. Na vumbi hilohilo ndilo lililofichua kwamba Iran ilikuwa na shughuli ambazo haikuzitangaza. Ilikuwa na hatia ya jambo moja na ukweli katika jingine, na vipimo vilishika yote mawili bila kuchagua.

Januari 2023, huko Fordow, kiwanda cha Iran cha kurutubisha urani, zilipatikana chembe za asilimia 83.7 mahali palipotangazwa asilimia 60. Mnaweza kukumbuka vichwa vya habari. Iran ilieleza kuwa ni kupanda na kushuka kusikokusudiwa wakati mitambo inaunganishwa upya, na Mei mwaka uleule shirika likasema taarifa ilizopewa hazipingani na maelezo hayo. Baada ya mashambulizi ya Juni 2025, ukaguzi wa Fordow na wa kiwanda kingine cha kurutubisha, Natanz, ulisimama. Hilo linaniumiza kama mchambuzi. Bila kitambaa kilichofuta, kila mtu anabaki na imani yake.

Turudi Iraq mara ya pili. Novemba 2002 wakaguzi walirejea. Walichukua sampuli katika mito, mifereji na maziwa, kwa sababu mtambo mkubwa wa nyuklia huacha alama majini pia. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, Mwafrika mwenzetu kutoka Misri aliyekuwa mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hadi hapo hawajapata ushahidi wa mradi wa silaha za nyuklia kufufuliwa. Akasema pia kwamba hati zilizodai Iraq ilitafuta urani Niger hazikuwa halisi. Wiki mbili hazikutimia, vita vikaanza, na mradi ule haukuonekana hata baada ya nchi nzima kupekuliwa na waliovamia.

Watu huniambia: basi vipimo vina faida gani, kama wenye nguvu hawasikii? Nakataa. Niger ni nchi maskini yenye urani, kama baadhi yetu. Ilitajwa katika kesi ya vita kwa karatasi za kughushi. Nchi kama hiyo, siku ikituhumiwa, haina manowari wala kura ya turufu. Ina uwezo wa kusema: njooni mpime. Na kauli hiyo ina uzito tu iwapo wapimaji wanaaminika, na iwapo baadhi yao wametoka kwetu.

Hivyo nawaambia wanafunzi: nafasi zipo, nazo hutangazwa wazi. Msingi ni kemia ya uchambuzi, fizikia ya nyuklia na takwimu. Mtu aliyezoea spektromita ya masi katika maabara ya jiolojia au ya ubora wa maji ameshaanza njia. Asilolijua atafundishwa. Ninachokitazama mimi kwanza kwa kijana anayeomba kazi ni daftari lake la maabara: je, kila matokeo yana ukomo wa makosa uliokokotolewa, na je, vipimo vilivyoharibika vimeandikwa pamoja na vile vizuri? Walimu wangu, hilo halihitaji mashine ya mabilioni. Linaweza kudaiwa kuanzia mwaka wa kwanza, kwenye titresheni.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.