Vitrioli Motoni: Kinachobaki na Kinachotoroka

Mabibi na mabwana, watu wa mwambao waliokulia karibu na tanuri la chokaa wanaijua kalsinesheni, yaani kuchoma madini kwa moto mkali hadi yageuke unga, hata kama hawajapata kulisikia jina hilo. Neno lenyewe limetokana na jina la Kilatini la chokaa, na matumbawe yanapochomwa hadi yakalegea na kuwa meupe, hutendeka kazi ileile waliyoifanya wanaalkemia, wale wa kale waliotafuta kugeuza metali duni kuwa dhahabu. Lakini mchoma chokaa huuacha moshi uende zake. Aliyechoma vitrioli alijifunza kuudaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo alkemia ilipoizaa kemia.

Vitrioli ni salfeti za metali. Ile ya shaba, ya buluu, ndiyo mrututu wetu wa dukani. Ninayoizungumzia leo ni ya kijani, ya chuma. Al-Razi, tabibu wa Rayy huko Uajemi, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa ile ya 10, alizipa vitrioli kundi lao peke yao katika mpangilio wake wa madini.

Ukiipasha moto taratibu, vitrioli ya kijani huyeyuka katika maji yake yenyewe, ambayo ni takriban asilimia 45 ya uzito wake, kisha hukauka na kuwa unga mweupe. Moto ukizidi sana, hutoka moshi mkali unaokaba koo, na chunguni hubaki unga mwekundu uitwao kolkothari, ndugu wa kutu, uliotumika kung'arisha vioo na kutengenezea rangi. Gramu 100 za vitrioli hubakiza gramu 29 hivi tu. Nao ule moshi, ukipokewa katika maji, hutoa tindikali nzito waliyoiita mafuta ya vitrioli, ambayo leo tunaiita asidi ya salfuri. Mji wa Nordhausen, Ujerumani, ulivuma kwa biashara yake hata ukaipa jina.

Maandishi ya Kilatini ya mnamo mwaka 1300 hivi, yaliyotolewa kwa jina la Jabir, mwanaalkemia wa kale aliyeandika kwa Kiarabu, yanaagiza vitrioli ichanganywe na shura (chumvi itumikayo katika baruti) na shabu, kisha mchanganyiko ukenekwe, yaani upashwe moto na mvuke wake upoozwe uwe majimaji. Katika joto, tindikali ya vitrioli huifukuza ile ya shura, na maji makali yanayodondoka huyeyusha fedha yakaiacha dhahabu bila kuigusa. Sonara aliyekuwa na maji hayo aliweza kuzitenganisha metali hizo mbili zilizokuwa zimeyeyushwa pamoja.