Ushanga Haukamiliki Motoni
(Mhadhara kwa mafundi vijana wa mapambo, Lamu)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha kazi zenu asubuhi hii, nawashukuru. Namna ya kuyeyusha fimbo ya kioo kwenye mwale wa moto na kuizungushia ujiti wa chuma uliopakwa udongo mnaijua, wala sitairudia. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila nipewapo nafasi: ushanga utokao motoni haujawa ushanga, mpaka upozwe taratibu ndani ya tanuri.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mama mmoja wa Mkomani aliniagiza herini za arusi ya bintiye. Nilizifanya za buluu, nene kama kokwa ya tende, na kwa kuwa sikuwa na tanuri nilizifukia katika mchanga wa moto, nikaona yatosha. Zilikaa wiki tatu kisandukuni, salama kabisa. Asubuhi ya arusi, kiganjani mwa mpambaji, moja ilipasuka vipande viwili bila kuangushwa wala kugongwa. Mama yule hakunilaumu. Alinirudishia vipande vimefungwa katika leso, na leso ile ningali nayo.

Sababu ni hii: kioo hupoa nje kwanza kikakakamaa, ilhali kiini kingali na moto, kiini nacho kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini ganda lililokwisha kukakamaa halikifuati, basi mvutano hubaki umefungiwa humo ukingoja siku yake. Kioo laini, yaani kile kiyeyukacho kwa joto la chini kuliko kioo kigumu, kama kile cha Murano huko Italia, huwekwa tanurini kwenye nyuzi 510 hadi 520 za Selsiasi mpaka joto la nje na la ndani lilingane na mvutano ulegee, kisha joto hushushwa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Mchanga hupunguza kasi ya kupoa, lakini haulishiki joto hilo.

Najua atainuka mtu aseme: shanga zilizofukuliwa katika magofu ya mji wa Shanga, kisiwani Pate, na zile za magofu ya Gede, zimekaa ardhini karne nyingi, na tanuri la umeme lilikuwa wapi? Swali hili hunikera, kwani anayeliuliza hajazitazama shanga zenyewe. Nyingi ni ndogo kama punje ya mtama, zimekatwa kutoka mrija mwembamba wa kioo kilichovutwa, na kitu chembamba hupoa nje na ndani karibu kwa pamoja. Sisi tunauza kokwa za tende, kisha tunataka zivumilie kama mtama!

Muda umenipita. Miwani ya kuchuja ule mwanga wa manjano utokao kwenye kioo kikiwa motoni ivaeni, na tundu la ushanga lisafisheni likiwa majini ili vumbi la udongo lisiingie mapafuni. Mengineyo tutayafanya kwa mikono baada ya sala ya alasiri, tanuri likiwa limekwisha kupata moto.