Mtandamboo: tafuta mwiba kwanza

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, maiki haifiki huko. Nimekuja na tawi moja tu na limenichoma mara mbili ndani ya matatu, si mnaona hiki kidole. Kwa Kiswahili unaitwa mtandamboo, haya chekeni mmalize, jina sikulitunga mimi. Wakamba mnasema mukawa, Wamasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga, na wenye madaftari andikeni jina la kisayansi, Carissa spinarum, mkikuta mahali pameandikwa Carissa edulis ni huu huu.

Cheki jani, gumu linang'aa, yanakaa mawili mawili yakitazamana, na kiangazi kikikaza vipi kichaka kinabaki kijani. Nikikwaruza hapa, ona, utomvu mweupe kama maziwa. Tunda linatoka kijani linakuwa jekundu halafu zambarau nyeusi, wewe subiri huo weusi, ukilila bichi utomvu unakuganda midomoni kama gundi. Likiiva ni tamu, mbegu unatafuna nazo tu, na mtoto akirudi na mbuzi jioni ulimi umekuwa zambarau hata humuulizi alipitia wapi.

Ila kilichonileta ni mwiba. Kuna mti unaitwa msunguti, ule wawindaji Wakamba na Wawata wa Tsavo walikuwa wanachemsha wapate sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo hadi wa tembo. Sasa msunguti na huu ni familia moja, jani linafanana, utomvu mweupe, maua meupe yananukia, tunda zambarau vile vile! Lakini msunguti hauna miiba. Kwa hiyo mtoto usimfundishe rangi, mfundishe kutafuta mwiba, hakuna mwiba hakuna kula, na akiwa na shaka aache, hapo sitaki mjadala.

Mama pale ameuliza mizizi. Ndio, Wamasai wanaichemsha kwenye supu ya nyama, lakini mama ukichimba mzizi wote umeua kichaka. Na mimi huwa nashangaa mtu anafyeka hivi vichaka anachoma mkaa halafu anaenda kununua waya wa miiba, yani alikuwa na uzio unaozaa matunda! Ukitaka kupanda, osha mbegu za tunda lililoiva uzisie mapema, zikikaa sana hazioti, na uwe mvumilivu maana hukua polepole.

Napitisha tawi, shikeni huku chini nimeshatoa miiba, huko juu mtajua wenyewe.