Majibu ya Damu Yako Sawa, Mwili Hauko Sawa: Kutafuta Wenzetu Baada ya Kuondolewa Tezi ya Thairoidi

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari na wauguzi mliotuheshimu kwa kuja, na ninyi wenzangu mnaomeza kidonge kila alfajiri kabla hamjatia kitu kingine kinywani: asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niwazungumzie watu walioondolewa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, kidonda kikapona, wakaambiwa kwamba majibu ya damu ni mazuri, kisha wakaendelea kuumwa, na nieleze namna wanavyoweza kutafuta msaada kwa wenzao waliopita njia hiyo hiyo. Mimi ni mmoja wa watu hao, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiongoza mazungumzo ya kundi la wagonjwa. Kwa hiyo mniwie radhi mkiniona nimeegemea upande mmoja. Nitajitahidi kutenganisha yale yanayojulikana na yale ambayo ni maoni yangu tu.

Nianze na historia, kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, alikuwa ameufanya upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, ambao zamani uliua wengi, uwe jambo ambalo mgonjwa anaweza kulitarajia na kutoka hai. Wakati huo kazi ya tezi yenyewe haikuwa imefahamika. Mwaka 1882 daktari mwenzake wa upasuaji, Jacques-Louis Reverdin wa Geneva, alimdokeza Kocher kwamba baadhi ya watu walioondolewa tezi yote walikuwa wamedhoofika kwa namna isiyoelezeka. Kocher akawaita tena wagonjwa wake wa zamani, na mwaka 1883 akatangaza alichokikuta: wengi wa wale walioondolewa tezi nzima walikuwa wachovu, wenye mwili baridi, waliovimba uso na mikono, wazito wa kufikiri na wa kusema. Kwa hesabu za chumba cha upasuaji watu hao walikuwa wamekwisha kupona. Ilihitajika mtu awaite na kuwauliza hali zao ndipo ijulikane kwamba tezi ile ilikuwa na kazi kubwa mwilini. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, na mimi hupenda kukumbusha kwamba sehemu ya elimu iliyomfikisha huko ilitoka kwa wagonjwa ambao dalili zao hazikuisha.

Tiba ilikuja haraka baada ya hapo. Mwaka 1891 daktari George Murray, huko Newcastle, Uingereza, alianza kumchoma sindano za dondoo la tezi ya kondoo mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imeshindwa kazi, na mwanamke huyo akaishi hadi mwaka 1919. Leo tunameza levothairoksini, yaani homoni ya T4 iliyotengenezwa kiwandani, na kwa walio wengi dawa hii hufanya kazi yake vizuri. Ni lazima niliseme hilo kwa sauti, kwa sababu anayeingia kwenye kundi la wagonjwa siku ya kwanza anaweza kutoka akiamini kwamba hakuna mtu duniani aliyepona. Waliopona hawana haja ya kuja kwenye makundi. Wamerudi kazini, wanalea watoto, wamesahau hata tarehe ya upasuaji wao. Tunaobaki tukizungumza ni wale ambao jambo lao halijaisha, na anayetusikiliza akidhani sisi ndio picha kamili ya watu wasio na tezi, atakuwa amejitia hofu bila sababu.

Hata hivyo, sisi tunaobaki si watu wa kubuniwa. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2012 ilitaja kwamba asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia levothairoksini, ilhali kipimo chao cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, ni cha kawaida, huendelea kuwa na dalili. Ili kuelewa kwa nini hilo linawezekana, yafaa kujua kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Tezi yenye afya hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. T3 ndiyo homoni inayofanya kazi zaidi ndani ya seli, na takriban asilimia 80 ya T3 ya mtu mzima hupatikana nje ya tezi, kwenye viungo kama ini na figo, kwa kuibadilisha T4. Asiye na tezi amepoteza ule mchango mdogo wa moja kwa moja, naye hutegemea mabadiliko hayo peke yake. TSH, kwa upande wake, hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na hutueleza kama pituitari inaona homoni iliyo kwenye damu inatosha. Ni kipimo kizuri sana. Lakini hakikubuniwa kieleze kwa nini mtu analala kwa muda wa saa tisa akaamka kana kwamba hakulala.

Hapo ndipo wengi hukimbilia hitimisho kwamba dawa ya T3 ndiyo iliyokosekana. Mwaka 1999 utafiti mmoja mdogo, uliokuwa na wagonjwa 33, ulionyesha kwamba waliochanganyiwa T4 na T3 walijisikia vizuri zaidi, na matumaini yakapanda. Mwaka 2006 majaribio 11 yaliyohusisha wagonjwa 1,216 yalijumlishwa pamoja, na tofauti hiyo haikuonekana. Ubishi haujakwisha, kwa sababu wastani wa kundi kubwa unaweza kumficha mtu mmoja anayefaidika, na miongozo ile ya Ulaya iliacha mlango wazi kwa daktari bingwa wa homoni kumjaribishia mgonjwa mchanganyiko huo chini ya uangalizi wa karibu. Nawaomba mlishike jambo hili jinsi lilivyo, bila kuliongeza chumvi upande wowote.

Sasa niingie kwenye kiini cha nilichojia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kila mmoja wetu amewahi kuihisi kweli ya methali hiyo mbele ya mtu aliyemwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba anaonekana mzima. Lakini wahenga hawakusema kwamba waliolalia vitanda viwili wanaumwa na kunguni wale wale. Watu wawili wanaweza kusema kwa maneno yale yale kwamba wamechoka, mmoja akiwa na dozi ndogo kuliko anayohitaji, mwingine akiwa na upungufu wa madini ya chuma. Wa tatu anakata pumzi usingizini bila kujua, na wa nne ana sonona iliyoanza siku alipotajiwa neno saratani. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu kwa anayetafuta msaada wa wenzake ni huu: waulize njia waliyopita, usiwaulize dozi wanayomeza.

Nieleze kwa nini dozi haifai kulinganishwa. Kwa mtu mzima aliyeondolewa tezi yote, daktari kwa kawaida huanzia karibu na mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hurekebisha. Aliyeondolewa nusu ya tezi huenda asihitaji dawa kabisa. Aliyekuwa na saratani anaweza kupewa dozi ya juu kwa makusudi ili TSH ishuke chini ya kiwango cha kawaida, maana TSH inaweza kuchochea chembe za saratani zilizobaki. Huyu akilalamika kwamba moyo unakwenda mbio na usingizi hauji, chanzo kinaweza kuwa tiba yenyewe, na anapaswa kuijadili na daktari wake. Mjamzito huhitaji kiwango kingine, na mzee mwenye moyo dhaifu kingine. Mtu akimwiga mwenzake na kujiongezea vidonge, anajitafutia mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa inayopungua nguvu kimya kimya.

Njia, kinyume chake, inafaa kuulizwa kwa undani. Uligunduaje? Nani aliyekusikiliza, na ulimwambia nini hata akakusikiliza? Ni kipimo gani kilichotoa jibu? Maswali ya namna hii huzaa matunda ambayo sijayaona yakizaliwa kwa urahisi mahali pengine. Mtu anaweza kukaa miezi mingi akidhani kwamba ganzi ya vidole na kuchomachoma kuzunguka midomo ni wasiwasi tu, mpaka mwenzake amwambie kwamba nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na kwamba vinaweza kujeruhiwa au kuondolewa wakati wa upasuaji. Hilo si jambo la kuchangia mawazo kwa wiki nzima. Ganzi inayoambatana na misuli kukakamaa ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kalsiamu ikishuka sana huleta degedege na huvuruga mapigo ya moyo, na kundi lolote hufaa kuitwa kundi pale linapomwambia mtu aache kuandika na aende.

Sauti nayo ina habari yake. Neva zinazoendesha nyuzi za sauti hupita jirani kabisa na tezi. Wengine hubaki na sauti ya kukwaruza; wengine husema vizuri lakini hawawezi tena kuimba noti za juu wala kumwita mtu aliye mbali, na kwa kuwa wanasikika wanapozungumza chumbani kwa daktari, tatizo lao halionekani. Waalimu, waimbaji na wahubiri huliona mapema kuliko sisi wengine. Nimesikia mara nyingi watu wakijua kwa mara ya kwanza, kupitia wenzao, kwamba kuna wataalamu wa tiba ya sauti na kwamba nyuzi za sauti zinaweza kuchunguzwa kwa kamera.

Yako pia mambo madogo ya kila siku ambayo wenzetu huyaeleza kwa subira kuliko karatasi ya maelekezo: kwamba kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kwamba kahawa hupunguza ufyonzwaji wake, kwamba vidonge vya kalsiamu na vya chuma vinapaswa kukaa mbali nacho kwa saa 4. Anayemeza vyote kwa mkupuo mmoja ili asisahau anaweza kuwa anatupa sehemu ya homoni yake kila asubuhi. Na kuna hili la baiotini, vitamini inayouzwa sana kwa ajili ya nywele na kucha, ambayo nywele zetu zinazokatika hutushawishi kuinunua: katika baadhi ya mashine za maabara hupotosha majibu, TSH ikaonekana ya chini kuliko ilivyo, na ndiyo maana tunashauriwa kuiacha kwa angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Niseme neno kuhusu muda, kwa sababu mazungumzo mengi huharibikia hapo. T4 huchukua takriban siku 7 kupungua kwa nusu mwilini, na baada ya dozi kubadilishwa kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Anayetangaza siku ya tatu kwamba dozi mpya imemwokoa, au imemuua, anasema kweli kuhusu siku yake ilivyokuwa, ila dozi bado haijatoa ushahidi wake. Mwongozaji mzuri wa kundi huuliza kwanza: umeanza lini? Huyo huyo ndiye anayemzuia muuza virutubisho asigeuze maumivu ya watu kuwa soko, na ndiye anayemruhusu mtu kulia kwa sababu ameambiwa, kwa mara nyingine, kwamba amepata saratani nzuri. Kauli hiyo hutolewa kwa kuliwaza, nami siwalaumu wanaoitoa. Saratani nyingi za tezi hii hutibika kweli. Ila anayeambiwa hivyo hukosa mahali pa kuipeleka hofu yake, na mara nyingi wenzake ndio pekee wasiohitaji kuelezwa kwa nini bado inamsumbua.

Vyama vya namna hii si vigeni. Uingereza kuna British Thyroid Foundation tangu mwaka 1991, na Marekani walionusurika na saratani ya tezi hii waliunda chama chao, ThyCa, mwaka 1995, ambacho pamoja na mikutano humkutanisha mgonjwa mmoja na mwenzake mwenye hali inayofanana na yake. Mimi naupenda mtindo huo wa wawili wawili. Wapo watu wasioweza kusema mbele ya ishirini, lakini mbele ya mmoja hufunguka.

Kuna swali limeletwa mezani kwa maandishi, na ninaona nilijibu kabla sijashuka: je, mgonjwa amwambie daktari kwamba jambo fulani amelisikia kwa wenzake? Jibu langu ni kwamba amwambie, ila asianzie hapo. Anza na mwili wako: dalili gani, imeanza lini, hutokea saa ngapi, inakuzuia kufanya nini ambacho mwaka jana ulikifanya. Iandike, maana walio na uchovu huu husahau wakiwa njiani. Kisha sema kwamba mwenzako mwenye dalili kama hiyo alipimwa akakutwa na upungufu wa damu, au na vitamini B12 ndogo, au na kalsiamu ya chini, na uliza kama inafaa nawe upimwe. Daktari akiona haifai, muulize kwa heshima ni dalili gani au ni jibu gani la maabara lingemfanya aone inafaa, liandike hapo hapo mbele yake, na usitoke chumbani kabla hamjakubaliana tarehe ya kurudi.